Nyanya ambayo haijapanda gari

Baba yangu aliendesha Fuso la mbogamboga kati ya Lushoto na Dar es Salaam kwa miaka 26. Karoti, kabichi, hoho, nyanya, na mapeasi yakiwa ya msimu. Mizigo hiyo ndiyo iliyotulisha na kutusomesha sisi watoto wa Ilala. Lakini mlimani kwenyewe hakuwahi kukaa akala. Alikuwa akipakia mchana, anafunga turubai, anateremka jua likizama ili afike sokoni alfajiri. Chakula chake kilikuwa Segera, akiwa amesimama kando ya gari: mhindi wa kuchoma, chungwa, basi.

Mwezi uliopita tulimrudisha Lushoto kama mgeni. Tulikuwa saba: yeye na mama, dada na shemeji, mimi na wanangu wawili. Mombo tuliiacha ikiwaka joto, tukaanza kupanda. Baba alikaa mbele na kumwongoza shemeji kona kwa kona. "Hii inakudanganya, ipigie honi." "Hapo mbele kuna mchanga." Tulipopita maporomoko ya Soni wanangu walikuwa wameshavaa masweta.

Tulikwenda kula shamba la Irente, kama kilomita 5 kutoka Lushoto mjini. Ni shamba la Kanisa la Kilutheri. Wanafuga ng'ombe wa maziwa na wanatengeneza jibini, mkate na jamu palepale. Tuliagiza siku moja kabla. Saa saba mchana tukakuta meza chini ya mti, na hakuna aliyetuharakisha.

Kilikuja kwanza kikapu cha mkate wa kahawia, mzito, wenye punje unazozisikia kwenye meno. Ikafuata siagi, jibini laini nyeupe iliyochanganywa na majani mabichi, jibini ngumu, jamu, jagi la juisi ya pasheni, na sinia la mboga zisizopikwa: karoti, tango, hoho, nyanya. Mama aliitazama ile jibini laini kwa muda. Akaipaka kwenye mkate kidogo sana, kama mtu anayeonja dawa. Akaonja. Akasema, "Kumbe ni mtindi uliotulia," akaongeza kijiko kizima.

Baba alichukua nyanya nzima. Akaigeuza, akaibonyeza kwa dole gumba, akainusa pale ilipokatiwa kikonyo. Kisha akatuambia jambo ambalo tangu siku ile sijaacha kuliwaza: "Hii haijapanda gari."

Akatueleza taratibu, juisi mkononi. Nyanya ya safari huchumwa ikiwa bado ngumu, haijaiva, kwa sababu iliyoiva haifiki Dar. Inaivia njiani, ndani ya tenga, juu yake kuna matenga mengine, chini kuna barabara. Ndiyo maana ile tunayonunua sokoni ina rangi lakini haina utamu. Hii ya leo ilikuwa imeiva kwenye mche. Mwanangu mdogo, ambaye nyumbani hutoa kila kipande cha nyanya kwenye kachumbari, alikula mbili kama matunda.

Tukazungumza mengi, chakula kikienda na kurudi. Kuhusu lumbesa baba alibadilika sauti. Alisema aliyabeba magunia yaliyoshonewa kilemba juu mpaka yakawa karibu gunia na nusu, na mkulima akalipwa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo inakataza lumbesa, inataka mazao yauzwe kwa mizani, lakini mwenye kabichi zinazoanza kuoza shambani hana nguvu ya kubishana na mwenye gari. "Na mimi nilikuwa mwenye gari," alisema. Mama akamwekea mkate mwingine. Hatukujibu kitu, na sidhani alitaka jibu.

Nilimtazama mama wa Kisambaa aliyetuhudumia akipita na beseni la majani, akitoka bustanini kwenda jikoni, hatua chache tu. Safari yote ya mboga ilikuwa hiyo. Nilitamani kila mtu wa Dar aione walau mara moja, ajue kile tunachokila kilikuwa nini kabla ya kufungwa turubai.

Tuliinuka saa kumi na nusu. Watoto walikuwa wamelala kwenye nyasi, dada amejifunika kitenge. Tulinunua jibini na chupa mbili za jamu, na baba akaomba auziwe nyanya, zilizoiva kabisa. Wakamjazia kikapu kidogo. Shemeji alifungua buti, baba akakataa. Kesho yake tulipoteremka alikipakata kikapu mapajani kona zote, mkono mmoja juu yake.

Segera akaomba tusimame. Akashuka, akaegemea mlango wa gari, akachagua moja na kuifuta kwa shati, akaila.