Msitu mdogo kuliko bibi yangu

Nilishuka Mafinga, wilayani Mufindi, saa mbili usiku, mwezi wa saba, nimevaa fulana ya mikono mifupi. Miaka 11 ya Muscat humsahaulisha mtu mengi. Kule mwezi kama huu unatembea ukiwinda kivuli cha nguzo ya umeme. Hapa kondakta alinitazama mikono inavyotetemeka, akacheka: "Kaka, wewe si wa huku." Nikamjibu kwa salamu ya huku, "Kamwene." Akashtuka. "Ah, mnyalukolo! Sasa koti umeacha wapi?"

Tulichelewa kwa sababu lori la mbao lilikuwa limelala kwenye kona ya Kitonga. Ruaha Mbuyuni, chini ya ule mlima, tulinunua vitunguu jasho likitutoka. Ukishapanda Kitonga masikio yanaziba, dirisha linafungwa, na kuanzia hapo nchi inapanda kama ngazi: Ilula ya nyanya, Iringa mjini, Ifunda, halafu miti inaanza kuisogelea barabara kutoka pande zote mbili. Misindano huku, milingoti kule. Huna haja ya kusoma kibao. Mafinga iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa sita na wa saba, asubuhi, ukishuka bondeni unakuta majani yameshika sakitu, meupe kama yamemwagiwa chumvi.

Hali ya hewa ya Mufindi ina wilaya mbili ndani ya moja. Ukielekea Sadani, magharibi, ni mahindi na vumbi. Ukielekea Kibao, kule ardhi inakokatika ghafla kuteremkia bonde la Kilombero, pepo za kusini-mashariki zinapanda zimebeba maji na unakutana na ukungu na chai. Sisi wa mjini tuko katikati: mvua kuanzia Novemba hadi Aprili hivi, kisha baridi, kisha ukavu wa Septemba na Oktoba ambao kila mwenye shamba la miti analala jicho moja wazi kwa kuogopa moto. (Ulanzi nao, pombe yetu ya mianzi, ni wa masika. Nimekuja mwezi mbaya kabisa. Hata tone la mkangafu, ule uliochacha, sijapata.)

Mama aliponiona hakusema neno, aliingia ndani akatoka na koti la marehemu baba. Baba alifariki 2019. Pasipoti yangu ilikuwa kwenye droo ya tajiri wangu wa kazi kule Muscat, na tajiri alikuwa safarini. Baba nilimzika kwa simu. Mfukoni mwa koti mlikuwa na tepu ya kupimia, imeshika kutu kidogo, lakini bado inavutika.

Kesho yake jikoni, tukiota moto wa mabanzi, nilimsikiliza bibi. Mwaka aliozaliwa haujui, lakini anajua jambo ambalo watu wa Dar wanaopiga picha barabarani hawalijui: huu msitu ni mdogo kwake. "Hapa palikuwa majani matupu, mjukuu wangu. Ng'ombe wa mtu unamwona toka hapa mpaka kule." Na ni kweli. Mkwawa alipokuwa akiitawala nchi hii, msindano hata mmoja haukuwepo. Serikali ya Waingereza ilianza kujaribu miti Sao Hill mwaka 1939. Upandaji wenyewe ukaja baada ya 1960, na miaka ya 1970 mkopo wa Benki ya Dunia ukauongezea kasi, maana kiwanda cha karatasi kilikuwa kinapangwa Mgololo na kiwanda kama hicho kinataka kulishwa. Msindano asili yake Mexico, mlingoti Australia. Bibi alikuwa kibarua kitaluni, anajaza udongo kwenye viriba. "Tulikuwa tunaviita vitoto vya serikali," alisema.

Leo Shamba la Miti Sao Hill lina zaidi ya hekta 135,000, kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali nchini. Kama hekta 48,000 hazipandwi. Ni msitu wa asili ulioachwa ulinde vyanzo vya maji. Ruaha Mdogo unaanzia huku kwetu, unapita Iringa, na maji yake yanaishia Mtera kuzungusha mitambo ya umeme. Kiwanda cha Mgololo kilifunguliwa 1985, kikaja kusimama, kikauzwa kwa mwekezaji. Wazee wa umri wa baba wakikitaja wanashusha sauti kidogo.

Baba alikuwa mpogoleaji. Kazi yake miaka yote ilikuwa kukata matawi ya chini ili mti upande bila vifundo. Huko ndiko alikojifunza kwamba msindano wa mbao ya maana unataka miaka 25, na mwaka 2002, nilipoanza kidato cha kwanza, akapanda wa kwake. Ekari mbili. Mwaka 2016 moto wa mtu aliyekuwa akisafisha shamba ukala nusu.

Mji niliouacha ulikuwa wa mbao. Nilioukuta ni mji wa haraka ya mbao. Kinyanambo kumejengeka mpaka nilipotea. Kuna viwanda vinavyomenya magogo membamba kuwa karatasi za plaiwudi, kuna nguzo zimepangwa zikisubiri dawa, na ndani ya msitu nimeona misindano imechanjwa gome na kufungiwa mifuko ya nailoni. Niliuliza, nikaambiwa ni utomvu, unagemwa kama tunavyogema ulanzi. Na kila upande unasikia dingdong: msumeno wa duara na injini ya dizeli juu ya fremu ya chuma, unakokotwa hadi shambani kwako na kupasua hapo hapo. Mti wa miaka minane unapanda mezani. Nilishika ubao wa mbili kwa nne uliotoka siku hiyo, nikauweka sawa na jicho. Umepinda kama ndizi. Kwenye ghala la Muscat nilikuwa napokea misindano ya Ulaya imefungwa mikanda ya chuma, kila ubao sawasawa na mwenzake. Huu wangeurudisha getini.

Simlaumu anayekata. Ada ya shule haisubiri miaka 25, na mgonjwa ndiyo kabisa. Ninacholalamikia ni bei: mnunuzi anatembea kati ya miti, anakadiria kwa macho, anataja hela ya shamba zima, na mwenye shamba hata tepu hana.

Jumamosi baba mdogo alimleta fundi wa dingdong shambani kwetu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yake yako juu, kwenye vilele. Nikatoa tepu ya baba, tukazungusha mti mmoja baada ya mwingine kwenye usawa wa kifua, baba mdogo akiandika kwenye daftari la shule. Fundi akataja bei ya shamba lote. Baba mdogo akafunga daftari.

"Kaka alisema ishirini na tano."

"Kaka yako, Mungu amrehemu, hayupo."

"Miti ipo."

Ikabidi niseme mimi, maana wote wawili walinigeukia. Bati za nyumba ya bibi zimeoza, hilo haliwezi kungoja. Tukakubaliana aondoe ile iliyopinda na iliyobanwa na wenzake, 34 kwa hesabu ya daftari, kwa bei ya mti mmoja mmoja. Mingine ibaki hadi 2027.

Fundi akapiga mti mmoja kofi. "Mpaka hapo huu msumeno wangu haufiki katikati. Itabidi utafute kiwanda."

"Nitatafuta."

Akanyonga injini. Ilikataa mara mbili kwa baridi, ya tatu ikaitika.