Homa Iliyonishika Guangzhou Wakati wa Kufunga Mzigo

Mfanyabiashara yeyote wa Kariakoo aliyewahi kufuata bidhaa Guangzhou, China, atakuambia kwamba siku za mwisho za safari ndizo zenye kazi nyingi kuliko zote, kwa kuwa ndipo viwanda vinapoleta mzigo uliolipiwa nusu, ndipo unapokagua maboksi moja baada ya jingine katika ghala la wakala, na ndipo unapomalizia deni kabla kontena halijafungwa. Mimi homa ilinishika katika siku hizo hizo. Ilianza jioni nikiwa Xiaobei, mtaa ambao Waafrika wengi hufikia, kwa maumivu ya viungo yanayofanana kabisa na uchovu wa kushinda masokoni. Usiku nikatetemeka hadi meno yakagongana, nikazima kiyoyozi na kujifunika kila nguo iliyokuwa chumbani, kisha baada ya saa chache jasho likalowesha shuka zima.

Asubuhi nikapata nafuu, na nafuu ya namna hiyo ndiyo huwadanganya wengi. Wenzangu kila mmoja alikuwa na maelezo yake: huyu alilaumu kiyoyozi, yule akalaumu chakula, mwingine akaniletea Panadol na chai ya tangawizi. Malaria haikutajwa na mtu, na si kwa uzembe, kwani Shirika la Afya Duniani liliitangaza China kuwa nchi isiyo na malaria tarehe 30 Juni 2021. Nyumbani mtu akipata homa, malaria ndiyo hutajwa kwanza. Tukishavuka bahari tunaihesabu kuwa imebaki uwanja wa ndege, kama kwamba nayo huomba viza.

Kinachosahaulika ni mwendo wa vimelea vyenyewe. Mbu akishamuuma mtu, vimelea huingia kwanza katika ini na kuzaliana humo bila dalili yoyote. Aina inayotawala kwetu, Plasmodium falciparum, kwa kawaida huchukua siku 9 hadi 14 kabla homa haijajitokeza, na wakati mwingine zaidi. Safari ya kununua mzigo China, kwa wengi wetu, huwa ya wiki mbili au tatu. Ndiyo sababu mtu aliyeumwa na mbu wiki ya kuondoka huanguka anapokaribia kurudi, akaamini kwamba ameambukizwa ugenini. Kabla ya kupanda ndege nilikuwa Muheza, kwenye matanga ya baba yangu mdogo, ambako wanaume tulilala nje juu ya majamvi chini ya turubai. Sijawahi kuona mtu akitundika chandarua matangani.

Homa iliporudi usiku uliofuata, safari hii ikiwa na kutapika, kijana wa Kitanzania anayesoma huko alinipeleka hospitali. Tangu mlipuko wa SARS, ugonjwa wa kuambukiza wa njia ya hewa, wa mwaka 2003, hospitali kubwa za China zimekuwa na kliniki ya homa inayojitegemea, ili mwenye homa asichangamane na wagonjwa wengine. Unajiandikisha kwa pasipoti na kulipa, ndipo umwone daktari. Daktari akiagiza kipimo unarudi dirishani kulipa tena, ndipo utolewe damu. Kwa mtu ambaye magoti hayamshiki, kwenda na kurudi kule ni adhabu, na bila yule kijana, aliyekuwa akilipia kwa simu yake huku mimi nimeegemea ukuta, sidhani kama ningefika mwisho wa mzunguko huo.

Majibu ya kwanza yalionyesha kwamba chembe sahani za damu, zile zinazoisaidia damu kuganda, zimeshuka, na daktari akauliza kama nimeumwa na mbu hapo mjini. Alikuwa akifikiria homa ya dengue, na alikuwa na haki, maana mwaka 2014 mkoa wa Guangdong ulipata wagonjwa zaidi ya 40,000 wa ugonjwa huo, na Guangzhou ndiyo iliyoathirika zaidi. Lakini chembe sahani hushuka hata katika malaria. Nikamwomba kijana aeleze kwamba nimetoka Tanzania, tena kijijini, na ataje tarehe nilizolala nje. Daktari akaacha kuandika, akapiga simu maabara, na tone la damu likapelekwa kwenye hadubini. Vimelea vilikuwamo.

Kwa kuwa nilikuwa natapika, nililazwa na kuanzishiwa sindano za artesunate katika mshipa: moja papo hapo, nyingine baada ya saa 12, ya tatu ilipotimia saa 24, kisha vidonge vya mseto. Jamii hiyo ya dawa chimbuko lake ni huko huko China. Mwanasayansi wa Kichina, Tu Youyou, alijiunga mwaka 1969 na mradi wa siri wa kijeshi wa kutafuta tiba ya malaria, akasoma katika kitabu cha tabibu Ge Hong, cha karne ya 4, kwamba mmea wa jamii ya pakanga uloweshwe katika maji na kukamuliwa. Akang'amua kwamba moto ndio uliokuwa ukiharibu dawa, akaikamua kwa etha isiyohitaji joto kali, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Dawa mseto tunayoiita ALu katika zahanati zetu inatokana na kazi hiyo.

Maofisa wa kudhibiti magonjwa nao walikuja na maswali: nilitoka lini, nililala wapi, nimekaa hoteli gani. Utaratibu wao ni kwamba mgonjwa wa malaria aripotiwe ndani ya siku 1, achunguzwe ndani ya siku 3, na mahali alipokuwa pashughulikiwe ndani ya siku 7. Wapo wanaoona ni kusumbuliwa. Mimi nililala kitandani nikitamani wilaya zetu zingekuwa na watu wanaofuatilia namna ile.

Mzigo ulifungwa bila mimi, wakala akinionyesha maboksi kwa video. Tikiti niliisogeza mbele kwa kulipia faini. Viza ilikuwa bado na nafasi, jambo la kushukuru, kwani anayepitisha muda China hutozwa yuani 500 kwa kila siku, hadi kufikia yuani 10,000. Bima yangu ya nyumbani haikuwa na kazi kule, na gharama zote zilitoka katika fedha ya mtaji. Sasa hutembea na karatasi iliyoandikwa kwa Kichina kwamba ninatoka eneo lenye malaria na kwamba nikipata homa nipimwe kwanza ugonjwa huo. Nadhani kila anayesafiri kutoka kwetu angepaswa kuwa nayo, hata akiwa anaenda Ulaya.

Nikiwa bado wodini nilipiga simu Muheza kuwatahadharisha waliolala chini ya turubai lile. Mdogo wangu, mtoto wa marehemu, alinijibu kutoka shambani kwamba yeye na mwenzake walishikwa na homa siku hizo hizo, wakachomwa kidole zahanati, wakapata majibu kabla ya robo saa kuisha, na dozi ya mseto wameshaimaliza.