Shanga za Kitosani Zisizoyeyuka: Nilivyozipata Malindi

Jeli ya kitosani, dutu inayotokana na maganda ya kamba wa baharini, isiyoyeyuka kwenye asidi inapatikana, wala haihitaji maabara kubwa. Mimi nimeitengeneza hapa Malindi, kwenye maabara ya shule ninayofundisha, wakati wa likizo. Maganda ya kamba nilipewa bure na kina mama wanaonunua kwa wavuvi wa Ngomeni. Hela ziliishia kwenye kemikali, elfu kadhaa, pamoja na nauli ya kuzifuata Mombasa.

Maganda hayana hadithi ndefu: asidi hidrokloriki huondoa chokaa, kostiki soda hafifu huondoa protini, kinachobaki ni kitini. Kitini ukikichemsha kwenye kostiki kali, mimi nilitumia ya asilimia 45, unapata kitosani. Mfaransa Rouget alilifanya mwaka 1859 kwa potashi, kwa hiyo si uchawi mpya. Ila sufuria ya alumini isikaribie kostiki, italiwa huku ikitoa haidrojeni. Mpishi wa shule alichungulia dirishani akauliza, "Mwalimu, wapika nini mbona chanuka hivyo?" Nikamwambia maganda ya kamba. "Na nyama yake wampelekea nani?"

Kazi yenyewe ni kuifunga, yaani kuunganisha minyororo ya molekuli zake. Kitosani ikikutana na asidi, vikundi vyake vya amino, vyenye nitrojeni, hubeba chaji chanya, minyororo ikasukumana na kuyeyuka. Nami nilitaka ishike shaba kwenye maji yenye asidi. Dawa ni glutaraldehaidi, molekuli ya kaboni tano yenye aldehaidi, kikundi kinachoungana na amino, kila ncha: ncha moja inashika amino ya mnyororo huu, ya pili inashika ya mnyororo ule.

Jamaa mmoja mwenye shahada nyingi kuliko zangu akaniambia kwa simu, "Kaka, mwaga tu glutaraldehaidi ndani ya myeyusho. Ukizidisha, ndivyo inavyokaza." Nikamtii. Kitosani ilikuwa safi, asilimia 2 ndani ya asidi asetiki ya asilimia 1. Tone la kwanza lilipoangukia pakaganda papo hapo, pembeni pakabaki majimaji. Nakoroga, bonge linavunjika, mengine mawili yanazaliwa. Ukawa uji wa mtu aliyemwaga unga wote kwa mkupuo. Mwisho fimbo ya kioo ikasimama yenyewe katikati ya bika! Kesho yake bonge zima limekuwa la kahawia, limenywea, limetema maji, na nikilibana linapasuka. Nikalitia kwenye maji ya shaba, likachukua kidogo sana, maana amino zinazoshika shaba ndizo hizohizo zilizokwisha kufungwa. Nilipompigia, jibu lake: "Basi uliweka kidogo."

Nikaamua kuanza na umbo la shanga, kifungo kifuate. Myeyusho niliuacha usiku mzima viputo vitoke, kwa sababu shanga yenye kiputo huelea. Kisha nikauvuta kwa bomba la sindano na kuudondosha ndani ya kostiki hafifu. Sindano ya insulini inaziba. Chukua nene, uikate ncha iliyochongoka. Na usidondoshee karibu mno, shanga zitaota mikia. Zikiganda nyeupe, zioshe mpaka karatasi ya litmasi isibadilike rangi, ndipo uzilaze kwenye glutaraldehaidi isiyofika hata nusu asilimia, ukitikisa chombo mara kwa mara. Asubuhi zilikuwa za manjano. Hiyo ndiyo dalili kuwa aldehaidi na amino zimeungana.

Sikuamini rangi peke yake. Nilinunua siki dukani, nikaweka vikombe viwili, kimoja shanga zisizofungwa, kingine zilizofungwa. Za kwanza ziliyeyuka zote. Za pili zilivimba kidogo, zikabaki nzima, nikazipiga picha na kumtumia yule jamaa bila neno.

Glutaraldehaidi ndiyo ambayo hospitali hutumia kuua vijidudu kwenye endoskopu, kifaa cha kuchungulia ndani ya mwili, basi usicheze nayo: glovu, miwani, madirisha wazi, na shanga uzioshe tena na tena. Wapo wanaosifu kifungo kingine, jenipini, itokanayo na tunda la gadinia, ambayo sumu yake ni ndogo na hugeuza jeli kuwa ya buluu. Nilipoona bei nikafunga ukurasa. Tripolifosfeti, chumvi ya fosfeti, ni rahisi, lakini hushikilia kwa chaji tu, na asidi kali huilegeza.

Kwenye myeyusho wa shaba shanga zangu ziligeuka buluu. Nazitunza ndani ya maji, kwani zikikauka hunywea zikawa ngumu, na kuzirudisha zilivyokuwa ni kazi.