Joto la kitalu nyumba lina hesabu yake

Kitalu nyumba, yaani banda la nailoni la kukuzia mimea, kinachouzwa sana kwa wakulima wadogo wa Kenya, na ambacho kimeenea Tanzania pia, kina upana wa mita 8 na urefu wa mita 15. Muuzaji hukutajia idadi ya miche ya nyanya inayoingia humo na miaka ambayo nailoni itadumu, lakini habari ya joto huipita haraka. Jua kali la saa sita mchana hushusha karibu kilowati 1 katika kila mita ya mraba. Kwa hiyo, hata nailoni ikizuia theluthi nzima, ndani huingia takribani kilowati 80, sawa na pasi 80 za umeme zilizowashwa kwa pamoja. Joto lisipopata pa kutokea na kupita nyuzi 35, chavua hudhoofika na maua hupukutika kabla ya kushika matunda.

Dawa inayopigiwa debe ni feni pamoja na pedi za ukutani zinazolowanishwa maji, ili hewa inayovutwa na feni ipoe ikipita humo. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke hubeba takribani kilowati-saa 0.7 za joto, na hivyo kuondoa joto lote hilo kungehitaji zaidi ya lita 100 kwa saa, ingawa majani ya nyanya yenyewe hufanya sehemu ya kazi hiyo kwa kutoa mvuke. Mbinu hii hufaa palipo na hewa kavu. Tanga au Mombasa, ambako hewa imekwisha kushiba unyevu, maji hayageuki mvuke kwa urahisi, na mkulima hulipia umeme wa kuzungusha hewa ya moto. Huko Oman, katika pwani ya Batinah, wakulima wa matango hutumia feni na pedi hizo ilhali maji ya visima vyao yanaingiliwa na chumvi ya bahari, kwa hiyo gharama ya ubaridi hailipwi kwa umeme peke yake, bali kwa maji pia.

Nyanda za juu zina tatizo jingine. Shamba la maua la Oserian, kando ya Ziwa Naivasha, lilianza mwaka 2003 kupasha joto vitalu vya waridi kwa jotoardhi, yaani joto la chini ya ardhi, kutoka visima vya mvuke vya Olkaria, hadi kufikia hekta zipatazo 50. Lengo kubwa halikuwa kuwakinga waridi na baridi kali, bali kupunguza unyevu wa usiku unaoleta magonjwa ya ukungu kwenye majani. Mkulima wa mboga asiye na kisima cha mvuke hupata sehemu ya faida hiyo bila nishati yoyote, kwa kumwagilia asubuhi badala ya jioni, kupogoa majani ya chini na kukunja nailoni ya pembeni mapema.

Kwa mtu wa pwani, ushauri wangu ni kwamba fedha ya feni aiweke kwenye paa refu lenye tundu la juu, kwa sababu hewa ya moto hupanda na kutoka yenyewe. Wavu wa kuzuia inzi weupe uwe na eneo kubwa kuliko tundu ambalo ungeacha wazi bila wavu, kwani matundu yake madogo hupunguza sana upepo.