Daftari la kerneli husomwa kuanzia mlango wa kutokea

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja anayesoma Iringa aliniandikia ujumbe. "Shikamoo kaka. Nimeandika moduli ya kujifunzia, naomba uipitie kabla sijawaonyesha watu wengine." Moduli hiyo ni kipande cha msimbo kinachopachikwa kwenye kerneli ya Linux, yaani moyo wa mfumo endeshi huo, nacho huigiza kadi ya mtandao, na sehemu yake kubwa ni daftari linaloorodhesha kila kitu ambacho kadi imekitoa kwa programu pamoja na jina la anayekishikilia. Nilimwitikia marahaba, nikamwambia anipe muda, kisha nikaisoma kwa jioni nne hapa Uyole nikiwa nimejifunga blanketi, kwa sababu baridi ya Mbeya mwezi huu haimruhusu mtu kukaa mbele ya kompyuta kwa shati tupu.

Daftari lake ameliiga lile la RDMA, ambalo msimbo wake umo katika faili liitwalo restrack.c na liliingia kwenye kerneli toleo la 4.16, mwaka 2018. Kwa msomaji ambaye hajakutana na RDMA, ni mpango unaoiwezesha kadi ya mtandao kusoma na kuandika moja kwa moja katika kumbukumbu ya kompyuta ya mbali bila kichakataji cha upande ule kushughulikia kila pakiti. Kwa kuwa kadi ndiyo ifanyayo kazi hiyo, kadi ndiyo hutunza vitu vinavyohitajika: vikoa vya ulinzi, foleni za taarifa za kazi zilizokamilika, maeneo ya kumbukumbu yaliyosajiliwa, na jozi za foleni za kutuma na kupokea, ambazo kwenye msimbo huandikwa QP. Namba ya QP ina biti 24, kwa hiyo hata kwa hesabu ya karatasini haziwezi kuzidi 16,777,216, na kadi yenyewe huwa na uwezo wa chini ya hapo. Vitu hivyo vikiisha, programu mpya hukataliwa, na msimamizi wa seva hutaka kujua jambo moja tu, nalo ni nani amevishika. Amri ya rdma resource show, iliyomo katika kifurushi cha iproute2, humpa jibu kwa kuiuliza kerneli, na kerneli hujibu kwa kusoma daftari hilo.

Baba yangu mdogo alikuwa karani wa ghala la kahawa katika chama cha msingi huko Mbozi, nami nilipokuwa mdogo nilimsaidia kusoma namba za magunia likizo zote. Leja yake ilikuwa na sharti ambalo wakati ule niliona ni usumbufu: gunia haliandikwi mpaka lipimwe, lishonwe na kupangwa mahali pake, hata kama mkulima amesimama mlangoni anaharakisha gari la kurudi kijijini. Sababu yake ilikuwa nyepesi. Mtu yeyote anayefungua leja ana haki ya kwenda moja kwa moja kwenye gunia na kulikuta likiwa kamili. Nilipofika kwenye fanksheni ya kijana yule ya kuunda rasilimali, nikaona ameingiza kitu kwenye jedwali kwanza, halafu ndipo akajaza kielekezi cha kifaa (anwani ya mahali kifaa kilipo kwenye kumbukumbu) na kitambulisho cha mwenye mali, nilimkumbuka mzee. Kati ya mistari hiyo miwili uzi mwingine, yaani kazi nyingine inayokwenda sambamba, unaweza kuomba orodha, ukakikuta kitu ambacho nusu yake ni sifuri, na kerneli nzima ikaanguka. Kosa hilo ni rahisi kuliona na rahisi kulirekebisha, kwa hiyo sikukaa nalo.

Nilikaa na upande wa kutoka. Nina mazoea, ambayo sikufundishwa na mtu, ya kuanza kusoma msimbo wa aina hii kwenye fanksheni ya kuharibu, kisha kwenye njia za makosa, na mwishoni kabisa kwenye ile ya kuunda. Mwandishi huandika fanksheni ya kuunda akiwa na nguvu na matumaini, akaijaribu mara nyingi, ilhali njia ya makosa huiandika akiwa amechoka, na pengine haijawahi kutekelezwa hata mara moja kwenye mashine yake. Hapo ndipo nilipokuta kasoro ya kwanza iliyonifanya niweke kikombe chini. Baada ya kusajili kitu kwenye jedwali, moduli hujaribu kutenga nafasi ya vihesabu. Nafasi ikikosekana, msimbo huruka hadi lebo ya chini, ukarudisha kumbukumbu ya kitu kile na kutoka na namba ya kosa, lakini jina lake linabaki limeandikwa kwenye jedwali. Atakayeomba orodha baadaye ataelekezwa kwenye kumbukumbu ambayo huenda imeshapewa mwingine. Kijana hakuwahi kuona tatizo kwa sababu kwenye kompyuta yake kumbukumbu haijawahi kukosekana. Nilimshauri awashe kipengele cha kerneli cha kusababisha makosa ya kutenga kumbukumbu kwa makusudi, pamoja na KASAN, ambayo hupiga kelele mara msimbo unapogusa kumbukumbu iliyokwisha kurudishwa.

Suala zito zaidi ni lile la msomaji na mwenye kufuta kukutana mlangoni. Kerneli inapotoa orodha, huzunguka jedwali ikiwa imeshika kufuli ambalo anayelisubiri huzunguka papo hapo bila kulala, yaani bila kusimama na kuwapisha wengine, na kwa sababu hiyo aliyelishika naye haruhusiwi kulala. Lakini kujaza maelezo ya kila kitu kunaweza kuhitaji kukiuliza kifaa chenyewe, na kifaa hujibu kwa wakati wake. Restrack hutatua jambo hili kwa kuongeza hesabu ya wanaokishikilia kitu, kuachia kufuli, kujaza maelezo, kupunguza hesabu, kisha kushika kufuli tena na kuendelea na kinachofuata. Hesabu hiyo haiongezwi kiholela: huongezwa tu ikiwa haijafika sifuri, kwa sababu kitu kilichofika sifuri kimeshaaga na hakifufuliwi. Kwa upande wa pili, fanksheni ya rdma_restrack_del huondoa jina kwenye jedwali, hupunguza hesabu yake yenyewe, kisha husubiri mpaka msomaji wa mwisho aachie, na ni baada ya hapo tu ndipo anayeiita anaweza kurudisha kumbukumbu.

Kijana alikuwa ameiga hatua zote isipokuwa ile ya kusubiri. Nilipomuuliza, alijibu kwamba hesabu inatosha, kwani anayeifikisha kwenye sifuri ndiye hurudisha kumbukumbu. Jibu hilo lina mantiki, na katika sehemu nyingi za kerneli ndivyo ifanywavyo. Hapa halitoshi, kwa sababu baada ya kufuta rasilimali, aliyeifuta anaendelea kuifunga kadi na kuipakua moduli, huku msomaji mmoja akiwa bado anaiuliza kadi hiyo hiyo swali kupitia kitu kilichofutwa. Kumbukumbu ya kitu ipo, lakini kifaa kilicho nyuma yake hakipo tena. Tuliandikiana barua tatu juu ya aya hii moja, na sioni kama zilikuwa nyingi.

Kisha tukaingia katika swali ambalo mimi mwenyewe sina msimamo mkali juu yake. Kipi kitangulie, kufuta jina daftarini au kukiambia kifaa kiharibu kitu? Ukifuta jina kwanza, halafu kifaa kikakataa, utakuwa na gunia ghalani ambalo leja hailijui, na nafasi ya kadi itaendelea kuliwa bila yeyote kuonekana. Ukikiambia kifaa kwanza, kuna kipindi kifupi ambapo orodha bado inataja kitu ambacho kifaa kimeshakisahau, na msomaji atakayekiuliza kifaa habari zake atapewa kosa. Katika msimbo wa RDMA nilivyousoma, kwa QP na vikoa vya ulinzi kifaa huambiwa kwanza. Kikikubali, jina hufutwa, kisha kumbukumbu hurudishwa na kiini cha RDMA chenyewe. Kwa maeneo ya kumbukumbu jina hutangulia kufutwa, maana huko kiendeshi, yaani programu inayoiendesha kadi, ndicho hurudisha kumbukumbu ya kitu, na daftari haliwezi kuendelea kutaja kitu kilichokwisha kutoweka. Kanuni ninayoiona hapo ni kuuliza kwanza nani anamiliki kumbukumbu, halafu ndipo upange mstari upi ukae juu. Kwa moduli ya kijana, kumbukumbu inamilikiwa na daftari, kwa hiyo nilimshauri kifaa kitangulie, mradi tu njia ya kuorodhesha ivumilie kosa kutoka kwenye kifaa bila kukatisha orodha nzima.

Mengine yalikuwa madogo. Alihifadhi jina la programu ndani ya kitu, nikamwonyesha kwamba kwa rasilimali za programu za watumiaji RDMA hutoa namba ya mchakato tu na kumwachia mwulizaji asome jina kwenye /proc, saraka ambamo kerneli huonyesha habari za michakato, ilhali zile zilizoundwa na kerneli yenyewe ndizo hutajwa kwa jina la moduli. Pia ujumbe wa orodha ulipojaa katikati, alikatisha mzunguko bila kupunguza hesabu ya kitu alichokuwa amekishika, kosa ambalo zamani lingepita kimyakimya lakini sasa, kwa kuwa mwenye kufuta husubiri, lingemfanya asubiri milele. Hili la pili nililiona usomaji wa tatu, baada ya kulipita mara mbili.

Alinirudishia toleo jipya Alhamisi. Amerekebisha yote isipokuwa jina la programu, akieleza kwamba moduli yake ni ya kufundishia na wanafunzi wenzake wanataka kuliona jina kwenye orodha yenyewe. Nimekubali. Mwishoni akauliza, "Kaka, naweza kuweka jina lako kwenye mstari wa Reviewed-by?" Nilimjibu kwamba mstari huo kwenye kerneli una maana iliyoandikwa: anayeuweka anasema ameukagua msimbo kitaalamu na maoni yake yameshughulikiwa kwa kiwango cha kumridhisha, ingawa haudhamini kwamba hauna kasoro. Kwa hiyo nikamwomba kwanza aendeshe usiku kucha programu mbili kwa pamoja, moja ikiunda na kuharibu rasilimali bila kupumzika, nyingine ikiomba orodha bila kupumzika, huku KASAN ikiwa macho.

Asubuhi ya Jumamosi aliniandikia kwamba umeme ulikatika saa nane za usiku na kompyuta ikazimika. Ameanza upya, nami jina langu bado sijampa.