Pati taimu ya Dar haina nusu

Hapa Dar ukimwambia mtu unatafuta kazi ya pati taimu anakuelewa vibaya, yeye anajua unatafuta mshahara nusu, masaa yabaki yaleyale. Mi nakaa kibanda cha wakala wa miamala ya simu Sinza, nimeanza semista iliyopita baada ya majina ya mkopo wa chuo kutoka awamu zote na mi simo, na makubaliano na dada mwenye kibanda yalikuwa naingia saa 10 jioni nafunga saa 3 usiku. Hiyo saa 3 ni ya mdomoni tu. Muda huo ndo wenye maduka, muuza chipsi na bodaboda wanaleta mauzo yao ya siku waweke kwenye simu, floti, yaani salio la kibanda kwenye simu, inakata, nampigia dada aongeze, dada yuko kwake anakula, mteja kasimama dirishani anaguna, na siwezi kumwambia kaka rudi kesho maana kesho ataenda kwa jirani na hela yangu mimi inatoka kwenye hiyohiyo kamisheni.

Afu kuna kufunga hesabu. Watu wanapita wanaona dogo kakaa anachati wanadhani kazi nyepesi. Floti ya kila laini unaandika kwenye daftari, unajumlisha na keshi iliyopo kwenye droo, na jumla lazima irudi palepale kwenye mtaji ulioachiwa. Ikipungua elfu 20 inakatwa kwako, hamna mjadala. Kwa hiyo unahesabu noti, unarudia, haijakaa, unaanza kufungua mesej mojamoja kutafuta muamala gani hukuuandika, na nje mlango wa duka la pembeni ushafungwa zamani umebaki wewe na mbu. Kipande hiki hakimo kwenye masaa tuliyokubaliana ila ndo kinachonimaliza, maana nikifika geto macho yapo wazi lakini kichwa kimejaa namba, nasoma ukurasa mmoja mpaka nalala na taa.

Kinachonichekesha semista hii tuna somo la sheria na tumefika kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Masaa ya kawaida yasizidi 45 kwa wiki, siku zisizidi 6, ovataimu ilipwe mara moja na nusu, na kazi ya baada ya saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi iongezewe angalau asilimia 5 ya mshahara kwa kila saa. Nimeandika vizuri kabisa maana kwenye test lazima itoke. Jamaa wa siti ya nyuma kaninong'oneza, mpelekee bosi wako. Nimpelekee wapi? Mkataba wenyewe ni voisi noti za WhatsApp, na dada sio mtu mbaya, nikiumwa ananitumia hela ya dawa bila kuulizwa, sasa mtu kama huyo unaanzaje kumtajia kifungu.

Mi naona ratiba yangu imejengwa na watu, masaa yanafuata tu. CR, kiongozi wa darasa, akitupia kwenye grupu saa 5 usiku kwamba test imehamishwa Alhamisi saa 11 jioni, hakuna tena mpango, kuna kupiga simu. Shikamoo dada. Marahaba, niambie. Dada Alhamisi nina test. Kimya. "Tena? Hicho chuo mdogo wangu kina test kila siku?" Basi naanza kubembeleza, naahidi Jumapili nitafungua asubuhi, anakubali, na Jumapili ndo ilikuwa siku ya kumalizia asainimenti ya grupu, kwa hiyo nageuka nawabembeleza wana grupu. Deni linahama tu halilipiki.

Siku vipindi vikiisha saa 9 na nusu mambo yanakuwa matamu, nawahi Kivukoni kabla watu wa maofisini hawajatoka, napata siti ya mwendokasi mpaka Shekilango, na kibandani saa 10 mpaka 12 huwa kumepoa. Hapo ndo nasoma kweli kuliko hata laibrari, pasti pepa nimezipiga picha zipo kwenye simu, nafanya swali moja, anakuja mtu kutoa elfu 5, naendelea. Usiku nimeacha kabisa kujidanganya, naamka alfajiri.

Ila wakati wa bumu, hela ya mkopo wa chuo, ndo wananiudhi. Wenzangu wanapata ile elfu 10 kwa siku ya kula na kulala, likiingia wanajazana kwangu kutoa, keshi inaisha kabla ya isha, na bado mtu anaondoka na burungutu ananiambia mwanangu we ndo una hela, umekaa na droo. Nacheka tu. Droo ya dada.

UE, mitihani ya mwisho wa semista, zinakaribia na koziwaki yangu, zile alama 40 za kabla ya mtihani, sio ya kutambia, kwa hiyo nimeongea na dada mapema. Mdogo wake atakaa wiki zote za mtihani, kamisheni ya siku hizo inakuwa yake, mi narudi jioni ileile ninayomaliza pepa la mwisho. Nimekubali. Ikabaki kodi. Mwenye nyumba nimemwomba apokee nusu kwanza, kasema atafikiria, na akisema hivyo huwa kashakubali ila anataka umpigie tena umsikilize stori zake za kiwanja cha Chanika. Nitampigia Jumapili mchana, nikishafungua kibanda.