Kabla hujaweka lugini kwenye sistimu yako

Wengi tukitaka kuweka sehemu ya kujisajili na kulogini tunaanza na fomu, rangi gani, kitufe kikae wapi, alafu paswedi inaingia kwenye databesi vilevile ilivyoandikwa. Jamani hapana! Paswedi ya mtu haihifadhiwi, kinachohifadhiwa ni hashi yake, yaani msururu wa herufi unaotengenezwa kutokana na paswedi ila huwezi kuurudisha kuwa paswedi, na inaniuma sana nikifungua tebo ya watumiaji nikakuta paswedi za watu zinasomeka kama gazeti. Mwaka 2009 kampuni ya RockYou ilidukuliwa, paswedi zaidi ya milioni 32 zikatoka zikiwa wazi kabisa, na si unajua watu paswedi ya huku ndo hiyohiyo ya imeili yao, kwa hiyo ukizembea wewe mtu anaibiwa hadi kwingine ambako hata huhusiki.

Na kwa lugha ya PHP wala sio kazi, tangu toleo la 5.5 kuna password_hash() ya kutengeneza hashi na password_verify() ya kuihakiki, zenyewe zinaongeza herufi za kubahatisha kwa kila mtu ili hata wawili wakiwa na paswedi moja hashi zao zisifanane. Achana na MD5 na SHA-1, njia za zamani za kutengeneza hashi, ziko faster mno na hiyo spidi inamfaa mwizi anayekisia mamilioni ya paswedi, bcrypt, njia ambayo password_hash() inatumia, yenyewe imetengenezwa iwe taratibu makusudi. Kolamu ya hashi ipe VARCHAR(255), yaani nafasi ya herufi 255, hashi ya bcrypt ina herufi 60 ila kesho unaweza kuhamia Argon2, njia nyingine ambayo hashi yake ni ndefu zaidi.

Imeili iwekee UNIQUE (isijirudie) kwenye databesi kabisa, usiridhike na kucheki kwanza kama ipo, maana mtu akibonyeza kitufe mara mbili harakaharaka ombi la kwanza na la pili yote yanaweza kuambiwa haipo na ukajikuta na akaunti mbili. Kwenye kweri, yaani maombi unayotuma kwa databesi, tumia prepared statements, ambapo anachoandika mtu kinatumwa kando na amri yenyewe, hilo halina mjadala.

Mtu akikosea, mwambie tu imeili au paswedi sio sahihi, basi. Ukisema "imeili hii haipo" umeshamwonyesha mdukuzi nani yumo na nani hayumo. Na weka kikomo cha kujaribu.

Sasa hapa ndo wengi wanapasahau: akishalogini ita session_regenerate_id(true), inampa namba mpya ya sesheni (namba ambayo seva inamtambulia aliyelogini), la sivyo mwizi aliyempachika namba hiyo mapema ataingia naye kwa mgongo wake. Kuki inayobeba namba hiyo iwe HttpOnly (JavaScript isiisome), Secure (isafiri kwa HTTPS tu) na SameSite (isitumwe ovyo na tovuti nyingine), na Secure inataka HTTPS kwa hiyo usiiache HTTPS eti utaweka baadae.

Habari ya kulazimisha herufi kubwa, namba na alama mimi siiungi mkono, watu wanaishia kuandika Password1! na sistimu inakubali vizuri tu. Dai urefu, herufi 8 kwenda juu, na ruhusu kupesti ili wenye programu za kutunza paswedi wasiteseke.

Kulogauti pia, sesheni iuliwe kwenye seva kwa session_destroy(), kumrudisha mtu ukurasa wa mwanzo peke yake haitoshi, akirudi nyuma kwenye brauza bado yumo ndani.